Mwimbaji si Kasuku

Wako watu wasemao kuwa mwimbaji asiyetunga nyimbo zake ni kasuku: hutamka aliyofundishwa, na sifa yote ni ya mtunzi. Kauli hii hupendwa kwa kuwa ni fupi na nyepesi kukumbukwa, lakini wepesi wa kauli si ushahidi wa ukweli wake. Mimi naikana, na shahidi wangu ni Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1996.

Ella alifiwa na mama yake akiwa bado kijana. Mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 17, aliingia shindano la wanagenzi katika ukumbi wa Apollo, Harlem, New York. Alikuwa amekusudia kucheza dansi. Alipoona uhodari wa wachezaji waliomtangulia, aliimba badala yake, akashinda. Mwaka 1938 alivuma Marekani nzima kwa wimbo uliotokana na mchezo wa watoto, na wimbo huo alishiriki kuutunga. Lakini simtetei kwa huo. Nikifanya hivyo nitakuwa nimewakubalia washtaki kuwa kutunga pekee ndiko sanaa. Namtetea kwa nyimbo ambazo hakuzitunga.

Mwaka 1956 aliimba nyimbo 32 za Cole Porter katika santuri mbili zilizotolewa pamoja. Porter alikuwa mtu wa ukoo wa kitajiri, msomi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyeandikia michezo ya majukwaa ya Broadway. Nyimbo za michezo hiyo zilizaliwa na mchezo, na nyingi zilikufa nao. Hata zilizosalia, mara nyingi waimbaji waliacha beti zake za utangulizi, wakarukia kiitikio. Ella alirudisha nyingi katika beti hizo, akatamka kila neno likasikika.

Katika lugha yetu, kutunga ni kazi ya mshairi, na ni kazi pia ya mtu atiaye shanga katika uzi. Porter alizitunga nyimbo zile kwa maana ya kwanza. Shauri la kuzikusanya lilikuwa la Norman Granz, msimamizi wa kazi za Ella. Lakini uzi ulikuwa sauti ya Ella. Kufikia mwaka 1964 alikuwa amewatendea vivyo hivyo watunzi wengine, miongoni mwao Duke Ellington na ndugu wawili, George na Ira Gershwin. Mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza kazi ile ya Porter katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi. Ni kasuku gani aliyepata kuhifadhiwa hivyo?

Kama ushahidi huo hautoshi, upo mwingine. Mwezi wa Februari 1960, Ella alikuwa akiimba wimbo wa Mack the Knife mbele ya umati mjini Berlin, maneno yakamtoka kichwani. Kasuku akisahau hunyamaza. Ella hakunyamaza. Alizua maneno mapya papo hapo, akakiri ndani ya wimbo wenyewe kuwa amesahau, akaigiza sauti ya mikwaruzo ya Louis Armstrong, na ala hazikusimama. Rekodi ya usiku ule ilimpatia tuzo ya Grammy.

Washtaki wengine husema kuwa sauti yake ilikuwa safi mno, haikuwa na jeraha lisikikalo katika sauti ya Billie Holiday. Tofauti hiyo ipo, lakini si hatia. Huzuni ni mlango mmoja wa moyo, na furaha ni mlango mwingine. Apitaye katika mmoja hakuufunga wa pili.

Basi, ninyi vijana mghanio mashairi ya wengine darasani, au muimbao katika kwaya nyimbo msizozitunga, msikubali kuambiwa kuwa kazi yenu ni mwangwi tu. Utungo ni mbegu, na mbegu iliyokosa mkulima haijapata kumlisha mtu.