Mpiga Gita na Tasbihi

Mwanafunzi akifuga nywele au akimjibu mwalimu kwa kiburi, wenzake humsifu kuwa hafuati mkumbo. Mimi nasema la. Asiyefuata mkumbo ni yule ashikaye jambo jema hata akichekwa. Nitatoa mfano wa mtu aliyekuwa na nywele ndefu kweli kweli, lakini sizo zilizomtenga na wenziwe.

George Harrison alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1943, katika nyumba ya Kikatoliki. Alikuwa mpiga gita wa Beatles, na kabla hajatimiza miaka 25 alikwisha kupata fedha na sifa ambazo vijana huziota usiku na mchana. Akaona hazishibishi. Mwaka 1966 alikwenda India kwa Ravi Shankar, akaketi chini kama mtoto wa darasa la kwanza kujifunza sitari, ala ya nyuzi ya nchi ile. Baadaye akaishika njia ya bhakti, yaani kumwabudu Mungu kwa mapenzi, kwa kuimba na kulitaja jina lake kwa tasbihi.

Haikuwa homa ya siku mbili. Mwaka 1969 alirekodi wimbo wa sala pamoja na waumini wa Krishna wa London. Mwaka 1973 aliwanunulia jumba karibu na Watford, nalo ni hekalu lao hata leo. Mwaka 1974 alizunguka Marekani pamoja na wanamuziki wa Kihindi. Wengi walitaka nyimbo za zamani tu, na magazeti yakamkejeli. Imani yake hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 2001, miaka 35 baada ya safari ile.

Hakuwa malaika. Alivuta sigara miaka mingi, na mwenyewe alizilaumu kwa saratani ya koo iliyompata mwaka 1997.

Najua baadhi ya wazazi watasema, "Mwacha asili ni mtumwa, huyu aliacha njia ya wazazi wake." Neno hilo ni zito, wala sisemi tubadili dini. Nasema tujifunze uthabiti wake. Hapa bwenini nimemwona mwenzetu akikunja mswala wake haraka aliposikia kicheko, na mwingine akificha Biblia chini ya godoro. Hao wanaona haya kwa jambo jema, na sisi tunaocheka ndio tunaowatia haya. Nakiri kwamba nami nimewahi kucheka.

Ikiwa mtu mashuhuri kama yule hakuona haya kushika tasbihi mbele ya dunia nzima, sisi twaogopa nini mbele ya vitanda ishirini? Kufuga nywele ni kazi ya miezi michache, na kinyozi huimaliza kwa dakika tano. Kushika ahadi ni kazi ya maisha. Basi, ndugu zangu, tuache kucheka, na mwenye mswala autandike kwa utulivu.