Kompyuta nzima zisitupwe kwa kukosa draiva

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo nimeona ofisi zikiweka kando kompyuta zinazofanya kazi vizuri, kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na karibu zote za kabla ya 2017 hazikubaliki.

Wapo wanaoshauri tuhamie Linux, ambayo ni ya bure. Nami nilijaribu. Kompyuta yangu ya mwaka 2014 iliwaka. Sauti, kibodi na intaneti, vyote sawa. Printa ndiyo iliyogoma. Kampuni iliyoitengeneza iliandika draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa hiyo, kwa ajili ya Windows peke yake.

Sababu inaeleweka. Kwa takwimu za StatCounter, Linux ilivuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na laptopu duniani mwaka 2024 tu. Mtengenezaji anafuata penye wateja wengi, mteja naye anafuata penye draiva, na kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Wa kuanza ni mnunuzi mkubwa. Mimi na printa yangu moja hatusikilizwi na mtu. Lakini wizara inayotangaza zabuni ya printa mia kwa ajili ya shule inaweza kuandika kwenye masharti: draiva ya Linux iwepo, la sivyo hatununui.