Ordinateri mpya nyumbani: tuliyoyaona katika majuma mawili

Tangu ordinateri ya mezani ifike kwetu, swali tunaloulizwa njiani, ziwani na mbele ya kanisa ni moja: je, imefaa kutoa zile pesa zote? Wengine wanauliza kwa sababu kikundi chao cha akiba kinawaza kununua ya kwao. Basi posho hii tunaweka kando mambo ya kaye za watoto. Jibu letu kwa sasa ni hili: kwa nyumba yenye watoto wengi wa masomo, imefaa. Kwa kikundi, tungengoja kwanza, na tutaeleza kwa nini.

Tunasema "mpya", lakini ilitumika ofisini huko ng'ambo kabla ya kuuzwa Kalemie. Ni mpya kwetu. Ile ya zamani ilikuwa na Windows 7, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuitengenezea kinga tangu Januari 2020. Ukiiwasha, ungeweza kusonga bukari na kuikuta bado haijafunguka. Hii inafunguka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Sababu yake ni diski. Zamani diski ya ndani ilikuwa sahani inayozunguka kwa kasi, na kichwa kidogo kinapita juu yake kutafuta maandishi. Diski za sasa, zinazoitwa SSD, hazina kitu kinachozunguka. Muuzaji atakutajia namba nyingi. Wewe uliza kwanza kama diski ni SSD. Na mwenye mashine ya zamani iliyo nzima anaweza kubadilisha diski tu akaendelea nayo miaka mingine. Yetu ilikuwa imechoka hata ubao wa ndani.

Kilichotusumbua siku ya kwanza ni klavie. Sisi wa Kongo tumezoea ile ya Kifaransa, ambayo mstari wa juu wa herufi unaanza na A na Z. Mashine nyingi zinazotupitia kutoka upande wa bahari zina klavie ya Kiingereza inayoanza na Q na W, na M imeshuka chini. Vidole havijui habari hiyo. Mtoto aliandika "mama" kama alivyozoea, ekrani ikatoa ;q;q na nyumba nzima ikacheka. Kiswahili kina A karibu katika kila neno, kwa hiyo taabu yetu ni kubwa kuliko ya wengine! Tena klavie hiyo haina é wala ç, na watoto wetu wanafanya mitihani kwa Kifaransa. Dawa ipo: katika mipangilio ya lugha ongeza klavie ya Kifaransa, kisha unabandika vikaratasi vyenye herufi juu ya vitufe. Unaweza pia kununua klavie peke yake, maana ya mezani haishikamani na mashine. Hiyo ndiyo sababu moja tuliyoipendelea kuliko ordinateri ya kubeba: kinachokufa unakibadilisha chenyewe.

Sasa umeme, na hapa tuseme polepole, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zitakwama. Ordinateri ya mezani haina betri ndani. Umeme ukikatika, kazi ambayo hujaihifadhi imepotea. Inatakiwa onduleri, kile kisanduku chenye betri ndogo kinachokupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri. Kwa wanaotumia paneli za jua, fanyeni hesabu kabla ya kununua. Mashine yetu pamoja na ekrani inakula kama wati 80. Saa 3 za jioni ni mara 3, yaani 240. Betri ya volti 12 na ampea 100 inashika 1.200, lakini betri ya kawaida ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mnazo 600 tu za kutumia. Ordinateri peke yake imekula 240, na bado konvertisa inakula yake kidogo kwa kugeuza umeme. Zinazobaki ndizo za taa na simu. Ordinateri ya kubeba ingekula nusu ya hiyo, au chini zaidi. Sisi tumekata shauri kuiwasha mchana jua likiwa kali, na jioni saa moja tu. Mwenye betri ndogo asidanganywe na bei ya mashine. Bei yenyewe iko kwenye betri.

Vumbi nalo si dogo kwetu Kabimba, mji wa simenti. Ndani ya kasha kuna feni inayovuta hewa, na inavuta vumbi pamoja nayo. Likijaa, mashine inapata joto na kujizima. Tumeinua kasha juu ya meza, tunaifunika kitambaa ikiwa imezimwa (ikiwaka, kitambaa kinaondoka!), na kila mwezi tutaifungua na kupangusa kwa burashi laini kavu.

Intaneti tunaipata kwa kushirikisha ile ya simu, nayo Windows inapenda kujisasisha yenyewe na kumaliza mega zote kimyakimya. Katika mipangilio kuna sehemu ya kusema kwamba muunganisho huu unapimwa. Iwekeni siku ya kwanza. Na kuna programu ya bure inayoitwa Kiwix. Mtu mwenye intaneti nzuri anakupakulia ensaiklopedia ya Wikipedia kwenye kle ya USB, ya Kifaransa au ya Kiswahili, na watoto wanaisoma bila mega hata moja. Kwa mwalimu wa hapa, hiyo peke yake ni maktaba. Kle ikitoka kwa mtu mwingine, ipimwe virusi kwanza.

Lakini jambo tulilolitazama sana ni nani anakaa kwenye kile kiti. Jioni ya tatu tulianza kuandika. Wavulana wawili walikuwa wamekaa dakika zote. Msichana, ambaye yuko mbele yao darasani, alikaa dakika 5 kutafuta neno, akaitwa kuosha vyombo. Hakuna aliyemkataza. Ni kwamba saa ya ordinateri ni ileile saa ya jikoni, na jikoni ina jina la mtu. Tuliwapangia kwa zamu, yeye akiwa wa kwanza na wavulana kwenye maji na vyombo. Kelele zilikuwepo. Mmoja alisema vyombo vitamharibia vidole vya kuandikia. Sasa juma la pili msichana ameandika muhtasari wa jiografia kurasa 4, na kaka yake amekuja kuuomba. Bibi wa nyumba bado hajapenda mpango huu, na tunamheshimu, ila zamu imebaki ukutani.

Turudi kwenye vikundi. Wenzetu wa kikundi kimoja cha akiba walikuja kujaribu kuingiza hesabu zao. Kujumlisha michango ya wanachama kunachukua dakika moja, na kosa la mkopo wa zamani lilionekana palepale. Walifurahi, mpaka mama mmoja mtu mzima akauliza: "Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hii mashine ina kufuli ngapi?" Watu walinyamaza.

Ina neno la siri moja, na anayelijua ni mmoja. Anayejua kuandika humo anaweza pia kubadilisha, na namba iliyobadilishwa haiachi alama ya kufutwa kama bik kwenye karatasi. Ndiyo maana tunasema kikundi kingoje hadi angalau wanachama watatu wajue kuisoma hesabu wenyewe kwenye ekrani. Kwa sasa daftari ndilo linaloamua. Ordinateri inahakikisha jumla tu, na karatasi inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Mama huyo ameomba kuwa mmoja wa wale watatu. Anaanza siku ya posho, saa nane, jua likiwa bado juu.