Kagera: Migomba chotara ni mizuri, lakini ya asili isitupwe

TANGU unyanjano ulipoingia mkoani Kagera mwaka 2006, mkulima wa Muleba au Bukoba anayelazimika kung'oa migomba iliyougua hubaki na swali moja: arudishie aina za wazazi wake au apande chotara?

Wengi hutazama mkungu, na hapo chotara hushinda. FHIA-17 na FHIA-23 kutoka Honduras, zilizosambazwa na mradi wa KCDP mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Ubelgiji, huzaa mikungu mikubwa na huhimili Sigatoka nyeusi. Tatizo liko kwenye sufuria. Zikipikwa hazitoi ulaini na ladha ya Enshakala au Enchoncho, hivyo nyingi huachwa ziive ziliwe kama tunda, au hukamuliwa kwa ajili ya juisi na pombe. Mchuuzi anayetafuta ndizi za kupika anazijua kwa macho, na bei yake huonyesha hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo ukubwa wa mkungu hauonyeshi. Chotara hizo mbili zimetokana na Highgate, mgomba mfupi wa jamii ya Gros Michel. Gros Michel ndiyo iliyotawala biashara ya ndizi duniani hadi ugonjwa wa Panama ulipofyeka mashamba ya Amerika ya Kati, makampuni yakahamia Cavendish katika miaka ya 1950 na 1960. Sokoni ilionekana imekwisha kazi. Kwa watafiti ilikuwa mama.

Ndivyo ilivyo kwa migomba yetu pia. Kiwangaazi, chotara ya kupika iliyotolewa na watafiti wa Kawanda, Uganda, mwaka 2010, bibi yake ni Nakawere, mgomba wa asili wa huko, aliyechavushwa kwa mgomba pori uitwao Calcutta 4. Tanzania nayo iliidhinisha aina nne za TARIBAN mwaka 2021, zilizotokana na kazi ya namna hiyo hiyo.

Kazi yenyewe si nyepesi. Mgomba wa matoke una seti tatu za kromosomu na karibu hauzai mbegu. Mtafiti huchavusha maua kwa mkono, mkungu baada ya mkungu, akapata punje chache ambazo kiini chake huoteshwa maabara. Aina nyingi hazitoi hata punje moja. Kwa hiyo shina linalodharauliwa nyuma ya nyumba linaweza kuwa miongoni mwa yale machache yenye uwezo huo, na hakuna bei ya soko itakayolionyesha.

Tusidanganyane, hata hivyo. Majina ni mengi lakini damu ni karibu moja. Migomba hii ni ndugu wa karibu, ndiyo maana ugonjwa ukiingia huifagia yote. Maruku wana shamba la kuhifadhia aina hizi, na Leuven, Ubelgiji, kuna hazina ya aina zaidi ya 1,500 za migomba ya dunia, nyingi zikiwa kwenye vichupa. Kichupa huhifadhi mmea. Hakihifadhi ujuzi wa mama wa Kihaya anayejua ipi huiva haraka jikoni na ipi hustahimili ardhi iliyochoka.

Lakini mkulima huyo halipwi kwa kuhifadhi, na kibanja kinazidi kuwa kidogo. Halmashauri zikinunua machipukizi safi ya asili kutoka kwake kama zinavyohangaikia miche ya kahawa, atakuwa na sababu ya kuyatunza.

Kwa sasa, anayepanda chotara asiamini kuwa amekwepa unyanjano, kwa sababu nazo huugua. Machipukizi yatoke kwenye shamba lisilo na ugonjwa, hata kama mtoaji ni shemeji. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kinapotoka. Mashina matatu au manne ya kila aina ya zamani, yakiwa pembeni ya kibanja, hayampunguzii mtu mavuno mengi.