Umeme wa Magari: Masasi na Newala Zisiwekwe Mkiani

Katika miaka ya karibuni yamesemwa mengi kuhusu magari yanayoendeshwa kwa umeme, na nchi jirani zimekwisha kuchukua hatua. Rwanda ilivipa vituo vya kuchajia, mwaka 2021, bei ile ile ya umeme wanayotozwa wenye viwanda. Kenya ilipanga mwaka 2023 bei maalumu ya shilingi 16 za nchi hiyo kwa uniti moja, na nusu yake katika saa ambazo matumizi ya umeme huwa madogo. Ethiopia, mwanzoni mwa mwaka 2024, ilikwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku uingizaji wa magari madogo ya petroli na dizeli. Kwetu Tanzania vyombo vya umeme vinavyoonekana barabarani ni bajaji na pikipiki zaidi kuliko magari, na huduma zake zimejikusanya Dar es Salaam. Swali tunaloliweka leo mbele ya wakubwa wetu wa Serikali ni hili: mwananchi wa Masasi, na mwenzake wa Newala juu ya uwanda wa Makonde, atachaji wapi, na kwa bei gani?

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akashangaa kuona tunamchukua hadi Newala. Hatumpotezi njia. Sisi wa visiwani tuna faraja ambayo wenzetu wa kusini hawana. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni mwendo wa kilomita sitini hivi, na gari dogo lenye betri ya uniti 40 huweza kwenda kilomita mia mbili na zaidi kabla ya kuishiwa. Mwenye gari kama hilo hapa kwetu ataliunganisha na umeme wa nyumbani usiku, akalala, na asubuhi akalikuta limejaa. Mashine za kuchaji haraka kwake ni jambo la kumwongezea raha. Lakini anayetoka Dar es Salaam kwenda Mtwara ana zaidi ya kilomita 550 mbele yake, na kutoka Mtwara hadi Masasi kuna karibu 200 nyingine. Huyo asipokuta njiani mashine ya kumjazia betri kwa nusu saa au saa moja, hafiki. Kwa hiyo kipimo cha kweli cha sera hii kitapatikana Masasi na Newala. Atakayeipanga kwa kuchungulia dirisha la ofisi iliyopo Dar es Salaam au Mjini ataipanga kombo.

Tuingie katika hesabu. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kawaida asiye katika kundi la matumizi madogo hutozwa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama shilingi 356. Betri ya uniti 40 basi hujazwa kwa fedha isiyofika shilingi 15,000. Gari dogo la petroli, kwa mwendo wa kilomita 200, litakunywa lita 16 hivi. Na petroli hata ikiwa shilingi 2,800 kwa lita, hizo ni karibu shilingi 45,000. Umeme ni theluthi ya gharama. (Wa Newala aongeze kidogo, kwa kuwa kupanda mlima kutoka upande wa Masasi hula umeme mwingi, ingawa wakati wa kushuka gari hurudisha sehemu yake betrini.)

Lakini hiyo ni bei ya nyumbani. Mwenye kituo cha kuchaji haraka amenunua mashine, ametafuta transfoma, amevutiwa waya mkubwa. Na akiingia katika kundi la wateja wakubwa hulipia pia ule upeo wa umeme aliouvuta, hata kama aliuvuta kwa nusu saa tu katika mwezi mzima. Mjini penye magari mengi gharama hizo hugawanywa kwa watu wengi. Mahali penye magari mawili kwa siku, ama watabebeshwa hao wawili, ama kituo hakitajengwa kabisa. Tukiliachia jambo hili soko peke yake, jibu la Newala tunalijua kabla ya kuuliza.

Hapo ndipo pana hoja ambayo tungependa wahusika waitafakari kwa makini. Petroli hupanda bei kadiri inavyosafiri. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo mji kwa mji, na nauli ya lori kutoka bandarini imo ndani yake. Huko vijijini, mwenye pikipiki anayenunua mafuta ya chupa kando ya njia hulipa zaidi ya hapo. Umeme haupandi lori. Uniti moja ya TANESCO ina bei ile ile Kariakoo na Newala. Kisingizio cha umbali, ambacho kwa petroli kina ukweli wake, kwa umeme hakina nafasi. Kinachobaki ni gharama ya kituo chenyewe, na gharama ya transfoma na njia ya kuleta umeme mkubwa ni kazi ambayo Serikali imeizoea tangu ilipoanza kupeleka umeme vijijini. Iibebe hiyo katika miji ya pembezoni, kisha msimamizi aweke kikomo cha faida ya mwenye mashine.

Yapo mafunzo ya karibu. Gesi asilia ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 katika ardhi ya Mtwara. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na vituo vya kujazia gesi magari ya wananchi vikaanzia na kuongezeka huko huko Dar es Salaam, hata foleni zake zikawa habari magazetini. Dereva wa Masasi aliendelea na petroli. Hatuungi mkono fujo zilizotokea Mtwara mwezi Januari na Mei 2013, zilizopoteza maisha na mali. Lakini kiongozi mwenye busara hukumbuka kwamba manung'uniko ya wakati ule yalitokana na watu kuona neema ikipita mlangoni bila kubisha hodi. Umeme wa magari usirudie safari hiyo.

Upatikanaji nao haumalizwi na kujenga kituo. Mtu wa visiwani haitaji kufundishwa maana ya kutegemea waya mmoja. Waya wa chini ya bahari ulioletwa Unguja mwaka 1980 ulitutumikia vizuri hadi tulipokaa gizani karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya majenereta na ndoo za maji. Nafuu ilikuja mwaka 2013 kwa waya wa pili wa megawati 100. Masasi na Newala zipo katika hali inayofanana na ile yetu ya zamani: kwa miaka mingi zimelishwa na mitambo ya gesi ya Mtwara, mbali na gridi ya Taifa, mwishoni mwa njia ndefu ambayo nguvu yake hupungua kabla ya kufika. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, nazo ni fahari yetu sote, ila megawati hazina faida mahali ambapo nguzo hazijafika. Mradi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru na Masasi hadi Mahumbika ndio mzizi wa jambo hili. Usicheleweshwe.

Kuhusu uuzaji, tunashauri umeme wa magari uuzwe kwa uniti wala usiuzwe kwa dakika. Betri hupokea haraka ikiwa tupu, na ikishapita asilimia 80 hupokea polepole. Anayetozwa kwa dakika hulipia subira yake mwenyewe. Mashine hizo zikaguliwe na Wakala wa Vipimo kama zinavyokaguliwa pampu za mafuta, na bei iandikwe kwenye ubao unaosomeka kabla mtu hajachomeka waya. Kupunja kipimo ni dhuluma, iwe kwa kibaba cha mchele au kwa uniti ya umeme. ZURA kwa upande wetu isingoje magari yajae ndipo iandike kanuni.

Na wa kuendesha vituo hivyo wapo. MAMCU na TANECU ni vyama vikuu vya ushirika vyenye wanachama hadi vijijini, na maghala ya korosho huwa na shughuli kubwa msimu wa mnada. Pikipiki na bajaji za wakulima zinakwenda huko huko. Mashine ndogo za kuchaji zikiwekwa kwenye maghala, na zile za haraka Masasi mjini na Newala mjini, fedha ya mkulima itabaki katika chama chake. Jambo lenyewe lifanywe kwa wakati, kwani mkulima wa korosho anajua hasara ya salfa iliyofika baada ya maua kuharibiwa na ubwiriunga.

Ipo pia barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, ya kilomita 160, iliyopangiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Halmashauri zinazopitiwa nayo zitenge sasa viwanja vya vituo, na TANESCO ionyeshe transfoma zitakapokaa, wakati wapimaji wa ardhi wangali na ramani mikononi, kabla maduka hayajajengwa juu ya hifadhi ya barabara.