Tusiwaachie Wauza Bunduki Michezo ya Watoto Wetu

Imekuwa desturi katika ofisi zetu na katika vyumba vya walimu kusikia hukumu moja ikitolewa bila ya ushahidi: kwamba michezo ya video, ile ambayo vijana huiita magemu, ni uhuni mtupu, na dawa yake ni kuipiga marufuku. Hukumu hiyo ni nyepesi kutolewa, kwa kuwa haimdai anayeitoa kazi yoyote. Lakini ni potofu, na hapana budi tuipinge.

Hakuna anayekana kwamba sehemu kubwa ya biashara hii ni ya kupumbaza. Bepari ametambua kwamba kijana akipewa bunduki ya kwenye kioo na adui wa kumwua, atarudi kesho na keshokutwa na senti zake. Sambamba na hayo zimesimama mashine za kamari, zinazokamua hata nauli ya mwanafunzi. Yote hayo tuyalaani bila kigugumizi. Ila mtu anayechoma shamba zima kwa sababu ya magugu si mkulima.

Maana ipo michezo ya namna nyingine kabisa. Mwaka 1993 ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, walitoa mchezo uitwao Myst. Mchezaji hujikuta peke yake kisiwani; hapana jeshi la kupigana nalo wala saa ya kumkimbiza, ila milango, vitabu na mitambo ya kufahamika kwa kutazama na kufikiri. Mamilioni ya watu waliununua. Mwaka 2012 ulitoka Journey, ambamo msafiri huvuka jangwa kuelekea mlimani. Akimkuta msafiri mwenzake hana silaha ya kumdhuru wala maneno ya kumtukana. Mwaka 2019 Adam Robinson-Yu wa Canada alitoa A Short Hike, ambamo ndege mdogo anapanda mlima kutafuta mahali simu inaposhika mtandao. Mwananchi gani wa vijiji vya Ufipa asiyeielewa safari hiyo?

Mvuto wa michezo hii hautokani na kumshinda mtu. Unatokana na hamu ya kale ya binadamu ya kutaka kujua nyuma ya kilima kuna nini. Hamu hiyo ndiyo mbegu ya elimu, na mwalimu anayeidharau amedharau mtaji wa kazi yake mwenyewe.

Watauliza wenye shaka: mambo hayo ya wageni yanatuhusu nini sisi wa Rukwa? Yanatuhusu sana. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti kati ya Wafipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1989 makala juu ya fumbo la amani ya Ufipa: vipi jamii ya wakulima iliweza kujenga maisha ya utulivu katika karne ya 19, wakati nchi zilizoizunguka zilichafuka kwa vita na biashara ya watumwa. Mafundi wa chuma wa uwanda huu walijenga matanuri ya udongo yanayopita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila ya mivukuto. Kusini, mto Kalambo huporomoka zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wetu na Zambia. Na huko, upande wa Zambia, mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za magogo yaliyochongwa na kuunganishwa yapata miaka 476,000 iliyopita. Je, ni wanafunzi wangapi wa Sumbawanga waliokwisha kupelekwa kuona walau tanuri moja?

Wako pia watakaoonya, na onyo lao lina uzito, kwamba si kila safari ni ya amani. Madarasani tunafundisha kwamba wapelelezi walikuwa mawakala wa ukoloni. Ni kweli: Kasanga, bandari yetu ya Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliiita Bismarckburg, na nyuma ya wachora ramani walikuja wenye mizinga. Lakini tofauti iko hapo hapo. Msafiri wa michezo tunayoisifu hapandi bendera, hatozi kodi, habadili jina la mahali. Huingia kama mgeni mwenye adabu, hutazama, hujifunza. Mtoto aliyezoea safari ya namna hiyo atamtambua beberu mapema kuliko yule aliyezoea kufyatua risasi.

Na wanaoamini marufuku wakumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na televisheni. Sababu zilikuwapo. Hata hivyo, marufuku hiyo haikutufanya mafundi wa mitambo hiyo. Milango ilipofunguliwa, tuliingia tukiwa wanunuzi.

Kuzuia si kujenga. Katika mradi ulioanza mwaka 2012, Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa liliutumia mchezo wa Minecraft kuwawezesha wakazi wa Kibera, Nairobi, kupanga uwanja wao wenyewe. Kibera iliweza, shule yenye kompyuta mjini Sumbawanga, Laela au Namanyere inashindwaje? Wanafunzi waende kwa miguu hadi kwenye tanuri, walipime kwa kamba, walichore, wawahoji wazee; kisha warudi walijenge ndani ya mchezo, kwa Kiswahili, na majina ya vitu yabaki kwa Kifipa. Pasipo na kompyuta, kazi ya miguu na kalamu itangulie. Hiyo haingoji umeme. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa wasomi, na kwamba wazee wake hawajui kitu. Hapa pana njia ya kulitii onyo hilo kwa vitendo.

Jina la Sumbawanga, kwa Kifipa, ni wito wa kutupa uchawi. Basi na tuutupe na huu mpya, wa kukiogopa kioo tusichokijua. Maofisa elimu na maofisa utamaduni wa halmashauri zetu wasingoje waraka. Watoto wetu watacheza, tupende tusipende. Tukikaa kimya, muuza bunduki ndiye atakayewachagulia mchezo.