Dizeli, Petroli na Somo la Pampu ya Baiskeli

Mwanafunzi anayezuru Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, hujifunza kuwa mhunzi wa zamani aliutegemea mvukuto: hewa ilipulizwa, moto ukakolea, chuma kikalainika. Akipita baadaye penye mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa dizeli, hukuta hewa ikifanya kazi zaidi ya hiyo. Humo hewa haichochei moto tu, bali huuwasha. Jambo hili halijafundishwa vya kutosha katika shule za sekondari.

Wanafunzi wengi wamekariri mapigo manne ya injini na huyachora vizuri katika mtihani. Hata hivyo, mashine ya kijijini ikikataa kuwaka, hakosekani miongoni mwao atakayetafuta plagi ya cheche. Injini ya dizeli haina plagi hiyo.

Katika injini ya petroli, kwa kawaida hewa na mvuke wa petroli huingia vikiwa vimechanganyika, hugandamizwa kiasi cha mara 8 hadi 12, kisha cheche ya umeme huwasha mchanganyiko huo. Katika injini ya dizeli huingia hewa tupu. Hiyo hugandamizwa mara 14 hadi 22, nayo hupata joto linalopita nyuzi 500 za sentigredi. Hapo ndipo nozeli inaponyunyiza dizeli, ikawaka yenyewe. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya injini yake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini hiyo ilifaulu majaribio huko Augsburg.

Husemwa kwamba dizeli ni ngumu kuwaka. Huo ni ukweli nusu. Ikikutana na cheche, petroli huwaka upesi zaidi, kwa kuwa hutoa mvuke hata penye baridi. Lakini pasipo cheche, dizeli hujiwasha katika joto dogo kuliko petroli. Ndiyo maana atiaye petroli katika injini ya dizeli hupata hasara: mafuta hayo hukataa kujiwasha inavyotakiwa, wala hayalainishi pampu, nayo huchakaa.

Kuyafundisha haya hakuhitaji maabara ya gharama. Mwalimu na achukue pampu ya baiskeli, azibe mdomo wake kwa kidole na kusukuma mara 20 kwa haraka; wanafunzi waguse upande wa chini. Baada ya pampu kupoa, arudie idadi ileile mdomo ukiwa wazi. Msuguano u karibu sawa, lakini joto ni dogo zaidi. Tofauti hiyo hutokana na kugandamizwa kwa hewa. Mafuta yenyewe yasijaribiwe kamwe darasani.

Kisha darasa liende Ziwa Victoria. Huko mitumbwi mingi ya uvuvi husukumwa na injini za petroli, na meli kubwa kwa dizeli. Mwanafunzi aulizwe sababu, naye ajibu kwa hoja. Mtihani usiouliza hivyo hupima kumbukumbu, haupimi sayansi.